Matusi ya Mjomba Wekoye

Phelista Nasike hana subira na watu wanaochagua watoto kama nyanya za sokoni. Kazi yake pale Kitale ni kuwatafutia watoto wazazi wa kudumu, na wengi wanaobisha mlangoni wanataka kichanga, tena cha kike. Huwasikiliza kwa adabu, halafu anawatajia kijana mkubwa anayekula sahani mbili. Ana hakika kila mtoto ana kwao. Ni vile tu hajafikishwa.

Ian alikuwa na miaka kumi na miwili. Mahakama ilikuwa imeshaondoa haki za wazazi wake, waliomwacha akiwa mchanga wasirudi. Wakoli na mkewe Sellah, wakulima wa miwa kule Kabuchai, walimtaka huyohuyo, na jaji akawapa. Wengine wangefunga faili. Phelista hakufunga, kwa sababu Agosti ilikuwa inakaribia na Ian angetahiriwa. Kwa Wabukusu, mvulana huenda kwanza kwa mjomba, ndugu wa mama, akachinjiwa ng'ombe na kuvishwa nyama shingoni. Akikosa mjomba, kijiji kizima kitamwona mtu wa kuja.

Mjomba mwenyewe, Wekoye, mchuuzi wa ng'ombe pale Chwele, alikuwa ameshamwambia dada yake Sellah, "Mimi sina mpwa wa kotini, bana."

"Tutaenda tu," Phelista alimwambia Sellah. "Huyo shida yake ni mdomo. Moyo anao."

Siku ilipofika, Ian aliingia bomani kwa Wekoye akigonga kengele zake za jando, waimbaji wakimfuata. Wekoye akatoka, akamwacha asimame juani huku akimtazama kutoka juu hadi chini. Sellah alishika mkono wa Phelista. Hapo hata Phelista aliogopa.

Wekoye akamsogelea kijana, akamzaba kofi. "Unanipigia kelele ya nini? Si wewe ni mwoga tu kama baba yako Wakoli. Ati sasa unataka kuniaibisha na mimi?"

Sellah akaangua kilio cha furaha. Hivyo ndivyo mjomba anavyomtukana mpwa wake siku hiyo, na hamtukani mtoto wa mwingine. Mgeni angekaribishwa chai. Ng'ombe naye alikuwa amefungwa nyuma ya nyumba tangu asubuhi.

Baadaye Ian, nyama shingoni na shavu bado likiwaka, alimwuliza Phelista, "Madam, utakuja tena kuniangalia?"

"Nikuangalie nini na uko kwenu? Nitakuja kama mgeni. Mnipe chai."