Kufunga Aleluya

Katika shirika letu, pale Bwiza, Aleluya ilikuwa inafungwa kwa kitenge. Shirika ndilo jina tunaloipa jumuiya ndogo ya sala: familia za mitaa michache zinazokutana kila juma katika ua wa mmoja wao. Kwingine, Jumatano ya Majivu ikifika, watu wanaacha tu kuimba Aleluya mpaka Pasika, wala hakuna anayehangaika. Kwetu haikutosha. Jumanne kabla ya majivu, jua likielekea kuzama, mama yangu alisimama katikati ya ua, sote tukaitamka Aleluya kwa pamoja mara ya mwisho, naye akakunja pembe ya kitenge chake, ile ambayo wanawake wa sokoni hufungia noti, akakaza fundo.

"Imefungwa," alisema. "Tutaifungua Pasika."

Desturi hiyo aliileta kutoka Uvira, kwao, ng'ambo ya mpaka, au aliibuni mwenyewe. Nilimuuliza zaidi ya mara moja na kila mara nilipata jibu jipya. Nimeitafuta katika vitabu vya liturujia nilivyoweza kuvipata, vya Kifaransa na vya Kiswahili, sikuiona. Nadhani ilitoka katika lugha yenyewe. Tunafunga chakula, tunafunga mlango, tunafunga mzigo. Mama hakuona kwa nini neno lisifungwe pia.

Ugumu ulikuwa kwamba neno lenyewe tulilitumia kwa kila kitu. Aliyetaka kusema jambo katika mkutano alianza na "Aleluya!" na wengine wakaitika "Amina!" Watoto wakipiga kelele, mtu alisema "Aleluya!" kelele zikakoma. Hata kuuliza ni nani aliyeegemeza baiskeli kwenye mlango wa choo kulianza na Aleluya. Kwa hiyo kila Kwaresima ndimi ziliteleza, na mama akaweka faini: anayeteleza ataleta glasi moja ya sukari kwa ajili ya chai ya Pasika. Nayo faini ilizaa desturi nyingine. Mkosaji hakukiri kamwe. Alinyoosha kidole na kumwonyesha mtu mwingine, yeyote aliye karibu, na kadiri aliyeonyeshwa alivyokuwa mtakatifu ndivyo watu walivyocheka zaidi.

Aliyeteleza kuliko wote alikuwa jirani yetu muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, mwanamke mzaliwa wa Fizi, kusini ya Uvira. Yeye na mama walikuwa marafiki wa namna ya pekee: hawakuwahi kusifiana. Nakumbuka mkutano mmoja aliposimama kutoa tangazo, bado ananukia soko.

"Aleluya, mandugu, ile kesho tuta..."

"Glasi moja," mama alisema bila kufungua macho.

"Ah! Mama, mi nilikuwa naanza tu!"

"Ulianza na ulimaliza. Sukari."

"Watu wa Uvira muko bachoyo! Munatafuta chai ya bure mu midomo ya watu."

"Na ninyi watu wa Fizi, mudomo yenu haina mulango."

Muuza ndagala akanyoosha kidole kumwonyesha mkubwa wa shirika, seremala mzee, mpole, ambaye sijawahi kumsikia akiteleza. Ua mzima ulicheka, na seremala akajifanya anatafuta ukurasa kitabuni.

Ijumaa za Kwaresima tulifanya Njia ya Msalaba mitaani, saa ya watu kutoka kazini. Kila kituo kilikuwa mbele ya geti la mtu, na mwenye geti aliweka meza ndogo, kitambaa cheupe na mshumaa. Kituo kimoja kilikuwa chetu. Seremala alisoma, kisha mama akatoa ombi. Hakuwahi kuombea ulimwengu mzima. Aliombea mwanamke anayevuka mpaka wa Gatumba na mzigo kichwani, asirudishwe. Aliombea mgonjwa asiye na mtu wa kumpelekea uji. Ombi lilikuwa na mtu mmoja na haja moja, kisha likaisha, nasi tukaitika: "Bwana, utuhurumie." Sikukaa shuleni muda mrefu. Nilichojua baadaye kuhusu kuandika sentensi nilikipata vitabuni, lakini sikio la kuijua sentensi iliyokamilika nililipata pale, nikiwa nimepiga magoti kwenye vumbi.

Kisha ukaja mwaka ambao Kwaresima na Ramadhani ziliingia pamoja. Majuma machache kabla yake mama alianguka jikoni. Daktari alisema ni mshipa wa kichwani. Mkono wa kulia ulilegea, na maneno yakaenda. Alinieleza kwa subira kwamba mama anaelewa yote anayoambiwa, ila njia ya kuyatoa maneno imeharibika. Kwa wagonjwa wengine hubaki neno moja, lile lililosemwa mara nyingi mpaka halihitaji kutafutwa. Mmoja hubaki na tusi, mwingine na jina la mtoto.

Mama alibaki na Aleluya.

Akitaka uji, Aleluya. Uji ukiwa wa moto, Aleluya, kwa ukali. Jirani yetu mwenye duka, Mwislamu wa familia ya zamani ya mji huu, alipokuja kumwona, alipokewa na Aleluya. "Alhamdulillahi, mama," alijibu, akaketi, na mazungumzo yao yakaendelea vizuri kuliko nilivyotegemea. Mimi kazi yangu ni kurekebisha cherehani, nimezoea kujua kasoro kwa mlio. Haikuchukua muda nikaweza kutofautisha Aleluya ya kiu, ya hasira na ya kuita.

Lakini majivu yalikuwa yanakaribia, na jambo hilo nililifikiria kwa utaratibu. Mama ndiye aliyelilinda neno lile miaka yote. Masikio yake yalikuwa mazima. Akienda shirikani angejisikia akiteleza katika kila sala, mbele ya watu aliowatoza faini. Niliona afadhali apumzike nyumbani mpaka Pasika. Nilimwambia seremala, akakubali. "Mungu anaelewa," alisema. "Kituo chenu tutakisogeza kwa jirani."

Jumanne ile nilimkuta mama amevaa kitenge chake kizuri. Alininyooshea pembe yake kwa mkono wa kushoto. Nilimfungia fundo, nikalikaza sana. Kisha akaonyesha mlango.

"Apana, mama," nilimwambia. "Pumzika."

"Aleluya," alisema taratibu, akijaribu kunibishia, kisha akasikia alichosema na kuufunika mdomo kwa kiganja.

Kila Ijumaa baada ya hapo alivaa mwenyewe kwa mkono mmoja, polepole, na kukaa kwenye kiti akitazama geti. Wimbo ulikuja kutoka mwisho wa mtaa, ukapita, ukafifia kuelekea kituo kilichofuata. Ulipokuwa umekwisha kabisa, aligeuza kiti kuelekea ukutani. Hakutaka dawa wala wageni. Alichotaka kilikuwa wazi kwa yeyote mwenye macho: nafasi yake katika sala. Nami nilikuwa nimemwondolea nafasi hiyo ili asiaibike.

Ijumaa moja katikati ya Kwaresima nilirudi mapema. Nje ya geti nilikuta meza yetu ndogo ya chai, imesimama upande upande kwenye mchanga, na juu yake kitambaa cheupe. Nyuma yake, kutoka mlangoni, kulikuwa na mikwaruzo miwili mirefu ardhini. Mama aliiburuta mwenyewe. Alikuwa ameketi kando yake, akitweta, kitenge kimenyooka, fundo mapajani. Kabla sijaamua la kufanya, msafara ulitokea.

Seremala aliitazama meza, akanitazama mimi. Alitaka kupita, nadhani kwa ajili yangu.

"Tunaenda wapi?" aliuliza muuza ndagala. "Meza iko, kituo iko. Tutaruka kituo namna gani?"

Wakapiga magoti. Seremala akasoma. Alipomaliza, akanyamaza kama alivyozoea, kwa sababu mahali pale, miaka yote, palifuata ombi la mama. Alipokumbuka, alikuwa amechelewa. Mama alikuwa amefungua mdomo.

"Aleluya," alisema, kwa sauti safi iliyofika mpaka ng'ambo ya barabara.

Hakuna aliyeitika. Seremala aliinamisha kichwa juu ya kitabu. Mwanamke mmoja alianza kulia, na nyuma yangu mtu akasema, "Maskini." Nilimwona mama akilisikia neno hilo. Uso wake, upande ule uliokuwa bado na nguvu, ulianza kuvunjika.

"Glasi moja!"

Tuligeuka. Muuza ndagala alikuwa amesimama, mikono kiunoni.

"Munaniangalia nini? Sheria ni sheria. Huyu mama alinikamata miaka yote, hata siku mi nilikuwa na malaria! Mama wa Uvira, umeteleza. Sukari!"

"Dada, tafadhali," alisema seremala. "Mama ni mgonjwa."

"Mugonjwa wa mukono! Masikio yake iko mazima. Mumuulize kama hajui alisema nini."

Mama alimtazama. Alimtazama muda mrefu, kama mtu anayepima kitambaa kwa macho. Kisha akauinua mkono wa kushoto, akanyoosha kidole, akamwonyesha seremala.

Kicheko kilitoka kwa watoto kwanza. Seremala alijaribu kubaki na uso wa Kwaresima, akashindwa, akaweka kitabu mezani na kucheka mpaka miwani ikashuka puani. Mama naye alicheka, kwa upande mmoja wa mdomo, akasema tena Aleluya.

"Mbili!" alipiga kelele muuza ndagala. "Ameongeza! Mumesikia?"

Watu walipotulia, seremala alichukua kitabu chake mezani. Hakuendelea na wimbo. Aliitika yeye mwenyewe: "Bwana, utuhurumie." Wote tukamfuata. Ombi lilikuwa limetolewa. Hatukujua la nani wala la nini, lakini halikuwa la kwanza la namna hiyo kufika juu.

Tangu siku hiyo mama hakukosa Ijumaa. Tulimpeleka kwa kiti cha plastiki, watu wawili wakibeba, na muuza ndagala akitembea kando akihesabu glasi kwa sauti mpaka hesabu ikampotea. Nashuku kwamba mara nyingine mama aliteleza makusudi. Neno lilikuja mahali pa utani penyewe, na kidole kikafuata bila kukawia.

Pasika ilipokaribia, nilikwenda kulipa deni lake. Wakati ule sukari ilikuwa imeadimika mjini. Mwenye duka alikuwa amewawekea wateja wake wa futari, na baada ya Idi kulibaki kidogo.

"Na ninyi si munafunga?" aliniuliza. "Sasa sukari yote hii ya nini?"

Nilimweleza tangu mwanzo. Alicheka mpaka akavua kofia na kujipepea nayo. "Basi mama atafungua kwa sukari yangu," alisema, akanipimia yote iliyobaki.

Jumapili ya Pasika, baada ya misa ya asubuhi, shirika lilijaa katika ua wetu. Mama alikaa katikati, kitenge kile kile mapajani. Nilikuwa nimelikaza fundo kupita kiasi, na kwa Kwaresima nzima lilikuwa limebanwa kwa kuoshwa na kuanikwa. Alilishika kwa mkono wa kushoto, akalivuta, halikutoka. Akaliweka mdomoni, akalishika kwa meno. Nilisogea kumsaidia.

"We, rudi nyuma," muuza ndagala aliniambia. "Ni kazi yake."

Ilichukua muda. Masufuria ya chai yalichemka yenyewe. Mwishowe pembe ilifunguka, imejaa mikunjo, na mama akaiinua juu ili tuone kwamba haina kitu. Kisha akasita. Aliutazama ua wote na mdomo wake ukabaki umefumba. Hata baada ya utani wote ule, bado aliliogopa kidogo lile neno.

"Sema sasa, mama," alisema muuza ndagala, kwa upole ambao sikuwahi kumsikia nao. "Leo ni bure."

"Aleluya," alisema mama.

"Amina!" Ua mzima uliitika, hata mwenye duka aliyekuwa amesimama getini.

Mama aliishi nasi Pasika chache baada ya hiyo, na siku hizi fundo linafungwa na muuza ndagala katika kitenge chake mwenyewe. Chai ya Pasika bado inapikwa, na kila mwaka naiona haina sukari ya kutosha. Lakini hilo ni kosa la chai ya mwaka ule. Siku ile seremala alionja kikombe chake, akafumba macho.

"Hii ni chai ao ni siro ya kikohozi?"

"Kunywa tu, mukubwa," alisema muuza ndagala, akimwongezea. "Ni zambi za mutu mumoja, tutazimaliza pamoja."

Mama alikuwa na kikombe katika mkono wake mzima. Alikiweka chini taratibu, ili kisimwagike, akainua kidole, akamwonyesha seremala.