Udongo wa kwetu uko miguuni mwa askari wa mume wangu

Habari zenu wapendwa. Admin, nashukuru kwa kunifichia jina, maana mume wangu naye anausoma ukurasa huu. Mimi ni binti wa miaka ishirini na nne, nimesoma hadi kidato cha nne. Kwetu ni Muleba, nimeolewa Mwanza, tunaishi Igoma, na ndoa yangu haijamaliza hata mwaka. Nampenda mume wangu jamani, sijui niwaelezeje. Ni Msukuma, mrefu, mpole, fundi wa madirisha ya aluminiamu. Akirudi kazini ananiita kuanzia getini. Chai ya asubuhi ananiletea kitandani mwenyewe, mpaka majirani wananitania kwamba nimemwekea kitu kwenye chakula. Kumbe wa kuwaza mambo ya kuwekewa vitu nitakuja kuwa mimi.

Mume wangu ana mchezo wake, alifundishwa na mgeni mmoja aliyewahi kufanya naye kazi mgodini. Ni vita ya mezani. Kila mchezaji ana jeshi lake la askari wadogo wa plastiki, hawafiki hata urefu wa kidole gumba. Wanapangwa kwenye meza yenye vilima vya kuchonga, watu wanarusha dadu na kupima kwa futi nani anaweza kumfikia nani. Jumapili baada ya misa anakwenda Mirongo kucheza na wenzake wawili.

Askari hao hawaji wakiwa tayari. Wanakuja vipande vipande, anavikata kwa wembe, anaviunga kwa gundi, anapuliza rangi nyeusi kwanza, halafu anapaka nguo, ngozi, hadi macho, kwa brashi nyembamba kama unywele. Mwisho kabisa anabandika mchanga kwenye kile kisahani anachosimamia askari, ili aonekane yuko ardhini. Jeshi lake la zamani limesimama kwenye mchanga wa ziwani na vipande vya mawe yetu haya ya Mwanza. Nilikuwa naketi pembeni namtazama anavyokunja uso akipaka jicho, najiona nimebarikiwa kuliko wanawake wote.

Basi akaanza kuandaa jeshi jipya, na hapo ndipo akaanza kunificha. Nikiingia anafunika meza kwa kitambaa, anasema bado, nisitazame. Siku moja nikachungulia. Askari wote walikuwa wanawake, wamepakwa zambarau. Roho ikaniuma. Nikamuuliza kama huko Mirongo kuna mwanamke anayecheza nao. Akacheka, akasema wale wawili wote wana ndevu. Mimi sikucheka.

Wiki hiyo hiyo shangazi yangu akaja kututembelea kutoka nyumbani, akatuletea habari kwamba baba miguu imevimba, hata shambani haendi. Siku ya pili, mume wangu akiwa kazini, shangazi akafagia chumba na kukinyanyua kile kitambaa. Aliniita taratibu. Alikuwa ameshika askari mmoja amemlaza, anamkwaruza miguuni kwa ukucha. Udongo mwekundu, una vipande vya maganda ya kahawa ndani yake. Nikaujua palepale. Ni wa uwanjani kwetu, pale baba anapoanikia kahawa yake.

Shangazi akasema, "Mtu hachoti udongo wa mlangoni kwa wakwe bila sababu. Na miguu ya kaka yangu imeanza kuvimba baada ya ninyi kutoka pale."

Mimi ni Mkristo, mambo hayo sikulelewa nayo. Lakini ganda moja la kahawa nililibandua nikalitunza.

Mume wangu aliporudi nikamuuliza ule udongo kautoa wapi. Akajibu ni wa huku huku tu, njia ya Musoma. Nikamwonyesha ganda la kahawa. Akakaa chini, akasema, "Nilichota kwenu siku ile ya kukuchukua. Hili jeshi ni lako, mama. Nilitaka siku ukianza kucheza na mimi, watu wako wawe wamesimama kwenu."

Na ile zambarau ni rangi ya gauni langu la send-off. Hata sikuwa nimeliwaza hilo. Mwanamke mwingine angemrukia shingoni kwa furaha. Mimi nilikuwa nawaza kwamba dakika moja iliyopita ameniangalia usoni akanidanganya. Nikamuuliza, "Baba yangu umemfanya nini?"

Alichukua wembe, akaanza kuwakwangua askari mmoja mmoja juu ya karatasi, taratibu vile vile kama anavyowapaka rangi, mpaka wote wakabaki wamesimama kwenye plastiki tupu. Akaikunja karatasi, akanipa. "Msalimie sana baba. Mwambie udongo wake huu hapa."

Tangu hapo chai bado analeta, ila anaiweka mezani na kutoka. Nimempigia baba. Anasema hospitali wamemwambia ni sukari, akacheka, akaniuliza mkwe wake hajambo. Nikasema hajambo. Shangazi naye amepata nguvu, anasema mtu asiye na kosa angegoma kuurudisha, huyu kaurudisha haraka kwa sababu kakamatwa. Anataka nipande naye basi tuupeleke udongo nyumbani ukaombewe, na wale askari nichome.

Nikimtazama mume wangu naona mtu aliyeumizwa. Nikifumba macho nasikia, "Ni wa huku huku tu." Kama lilikuwa jambo jema, kwa nini alidanganya? Na kama ni baya, kwa nini kila askari amempaka macho kwa upole ule?

Shangazi anaondoka keshokutwa. Msinitukane, ndoa bado changa na huyu mwanaume nampenda. Nipeleke huu udongo kwa baba, au nimrudishie mume wangu nimwombe awabandikie tena askari wangu? Na nikimwomba, nitakuwa nimemwamini kweli, au naogopa tu kumkosa? Nishaurini, ndugu zangu.