Kumbukumbu Kwenye Kamba ya Nguo

Katibu wa chama cha mtaa wetu huchonga penseli kwa kisu, hukohoa kidogo, kisha husoma kumbukumbu zote za mikutano, hata kama tumechoka: nani alilalamikia mbwa, nani alileta pai. Maji ya mvua yalipoingia chumba chake cha chini na kuzilowesha zote za tangu mtaa ulipoanza, mwenyekiti wetu, Purnell, alimwambia, "Tupa tu, mzee. Nani anazisoma?" Katibu alizibeba ndooni hadi uani. Alizianika kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, akizishika kama mtu anayemgeuza mtoto aliyelala. Majirani tukaja, wenzangu wakawa wanasoma na kucheka. Mimi kusoma nabahatisha, lakini jina langu nalijua. "Hapa nimeandikwaje?" nikamuuliza katibu. "Bi Lavinia alileta pai ya tufaha." "Uongo huo. Ilikuwa ya pichi, na kambishie mwingine." Akachomoa penseli sikioni. "Marekebisho hupitishwa na mkutano. Nani anamuunga mkono?" Mikono ikachomoza juu ya kamba. Purnell alikuwa amesimama mbele ya karatasi moja, ambapo marehemu baba yake aliomba taa ya barabarani ili mwanawe acheze jioni. "Namuunga mkono," akasema, akainamia karatasi zilizobaki ndooni. "Vibanio viko wapi, mzee?"