Mtamba Aliyepakwa Jina la Ndege

Nianze na ujinga wenyewe, usije ukausikia kwa mtu mwingine: nilimpaka ng'ombe wa mahari rangi ya ndege. Mtamba mweupe wa baba mdogo, siku moja kabla ya wakwe kuja kumkagua. Ubavuni nilipiga mstari wa bluu kutoka begani hadi mkiani, na juu ya mstari nikaandika kwa herufi kubwa: MBAYUWAYU.

Nilikumbuka hayo juzi, tulipopita kando ya uwanja wa ndege hapa Sumbawanga na washikaji zangu wa kidato cha tatu. Walikuwa wanabishana ni ndege zipi zitakuwa zinatua uwanja ukikamilika. Nikauliza, "Na Mbayuwayu je?" Wakanitazama kama nimewasalimia kwa Kichina.

Mimi nililijua jina hilo kwa sababu ya kuku. Nilikuwa darasa la nne, tukiishi Kasense, na jirani yetu alikuwa ametengeneza mlango wa banda lake kwa bati la bango la zamani la shirika la ndege: mstari wa bluu, kindege chenye mkia wa panda, na jina. Kila nilipotumwa kwake kuomba kaa la moto, nilisimama pale kwenye harufu ya kinyesi na pumba, nikijiuliza kama kuku wanaweza kuwa na shirika lao. Baba alinieleza kwa mkato, akiwa anapiga matuta: Mbayuwayu zilikuwa ndege ndogo za shirika la taifa, za kwenda mikoani. Shirika lile lile, jina jingine.

Hapo ndipo akili yangu ilipokwama. Kwa nini shirika moja liwe na majina mawili? Rubani akishuka kwenye ndege kubwa akapanda ndogo, anabadilisha shati? Nilipomuuliza mwalimu, aliniambia niulize mambo yanayokuja kwenye mtihani. Nikabaki na jibu langu mwenyewe: kama jina la ubavuni ndilo linaloifanya ndege iwe Mbayuwayu, basi kitu chochote cheupe chenye ubavu kinafaa. Na kopo la rangi ya madirisha lilikuwa limebaki stoo.

Rangi ya mafuta, rafiki yangu, haisikii maji. Mama alisugua kwa sabuni, akasugua kwa mafuta ya taa mpaka mtamba akanuka kama kibatari. Mstari ulififia kidogo. Jina liling'aa vilevile. Baba mdogo alikaa juu ya gogo, kichwa mikononi. Ng'ombe wengine walishakubaliwa, huyu ndiye alikuwa wa mwisho, na bila yeye harusi hakuna.

Wakwe walifika kutoka kijiji cha Kate. Walikula ugali wa ulezi na maharage, wakashushia togwa, wakasifu mapishi, ndipo wakaenda zizini.

"Mnaficha nini chini ya hii rangi?" akauliza mjomba wa bibi harusi. "Upele?"

"Hana upele, mjomba," baba mdogo akajitetea. "Ni huyu mtoto wetu tu."

"Na kampuni ikija kumdai ng'ombe wake? Jamani, twendeni zetu."

Lakini babu wa bibi harusi alikuwa ameinama ubavuni, anasoma kwa kidole, herufi moja moja.

"Nani kaandika hii?"

Nikasukumwa mbele. "Shikamoo, babu."

"Marahaba. We kibogoyo, Mbayuwayu uliipanda lini?" Kweli, meno ya mbele yalikuwa yamenitoka.

"Sijaipanda, babu. Nataka kujua kwa nini ilikuwa na jina lake."

Mzee akacheka mpaka akaishikilia fimbo kwa mikono miwili. "Ndege kubwa zilikwenda kwa wakubwa," akasema. "Sisi wa viwanja vya nyasi tukapewa mtoto, naye mtoto lazima awe na jina. Tiketi dirisha lile lile, rubani yule yule. Nilikwenda nayo Dar. Siku ya kurudi nikaona ubavuni jina la shirika kubwa, rangi bado mbichi. Nikamuuliza mhudumu, Mbayuwayu iko wapi? Akaniambia, mzee, umekaa ndani yake."

Hata mjomba alicheka, ingawa alijaribu kukohoa.

"Bibi yenu nyumbani hajaamini mpaka leo kwamba Mbayuwayu ilikuwepo," mzee akaendelea. "Anasema nilikuwa Mbeya nalewa. Huyu mtamba anaondoka hivi hivi, akasomwe na bibi yenu."

"Baba, lakini rangi..." mjomba akaanza.

"Macho mazima, miguu mizima. Kwani mnaoza binti kwa rangi?"

Harusi ikapita. Manyoya mapya yakaota, jina likaondoka. Bati la banda lilichukuliwa na wanunuzi wa vyuma chakavu, na babu yule tulishamzika. Sasa sijui kama kuna mahali jina lile bado limeandikwa. Natamani kujua nani aliketi ofisini siku ya kwanza akaamua liwepo, na nani alishika brashi siku ya mwisho akalifuta. Na kama aliyelifuta alisimama kidogo akalitazama.

Jioni ile ya ukaguzi sikuwaza hayo. Nilitazama lori la wakwe likiondoka, mtamba amesimama nyuma, herufi zikichungulia kati ya mbao. Mama alisubiri lipotee kwenye kona, akafuta mikono kwenye kanga, akasema:

"Haya, ndege imeruka. Wewe uliyebaki uwanjani, njoo hapa."