Nakiri: ni mimi niliyelifuta tawi la Kambove kwenye kijitabu cha jubilei

Wakuu, salamu kutoka Lubumbashi.

Kwa miaka mitatu nimekuwa nikikana jambo moja mbele ya familia nzima. Nimelikana mezani, nimelikana kwenye uwanja wa kanisa, nimelikana hata mbele ya mume wangu ambaye hakuniuliza. Leo nakiri: ni mimi niliyelifuta tawi la Kambove. Haikuwa virusi. Haikuwa mashine ya kuchapia wala umeme kukatika. Ni kidole changu.

Yote yametokea kama nitakavyoyaandika. Wahusika wako hai, wana simu, na mmoja wao ndiye aliyeniruhusu mwezi uliopita niyaseme. Nikiongeza chumvi watanisahihisha hapahapa.

Kwanza mjue mimi ni mtu wa namna gani.

Nilisoma chuo kikuu, fasihi. Naandika makala. Nina miaka hamsini na kitu. Katika familia yetu, aliyesoma fasihi anahesabiwa kuwa anajua kila kinachohusu karatasi: kujaza fomu, kusoma maelezo ya dawa, hata kutengeneza printa. Sikuwahi kuwakatalia. Kwenye wasifu wangu nimeandika kwamba naimudu Word vizuri sana.

Wakuu, mimi nikitaka neno liende katikati ya ukurasa, nabonyeza kitufe cha nafasi mpaka lifike.

Basi wazazi wetu walitimiza miaka hamsini ya ndoa. Kwetu Wakatoliki hiyo ni jubilei ya dhahabu: misa, karamu, vitenge vya sare, na kijitabu cha kugawa mlangoni mwa kanisa chenye nyimbo, masomo na ukurasa mmoja wa majina ya familia. Mwenyekiti wa kamati alikuwa dada yangu mkubwa, Yaya Clémentine, anayekaa Bel-Air. Aliniangalia mara moja tu.

"Kijitabu ni wewe. Wewe njo ulisoma."

Ukurasa wa familia ndio ulioniponza. Ukoo wa baba una matawi matatu: sisi wa Bel-Air, watu wa Tantine Euphrasie, dada mdogo wa baba, wanaolima Kasungami, na watu wa kaka yake mkubwa, Baba Mukubwa Anaclet, mstaafu wa mgodini aliyejenga Kambove. Nikaona kila tawi liwe na kisanduku chake. Nikaingia kwenye menyu kutafuta, na huko nikavikuta visanduku vya maandishi vya mapambo.

Sikujua kama vipo! Pembe za mviringo. Fremu ya dhahabu. Maua kwenye kona. Vivuli. Kimoja kiling'aa pembeni kama kina homa. Nilikaa siku mbili nabadilisha tu, naweka, natoa, narudi nyuma kidogo kutazama, kama mtu anayetundika picha ukutani. Makala niliyotakiwa kuipeleka wiki ile haijaandikwa mpaka leo.

Nikatuma rasimu kwenye kundi la familia la WhatsApp, nikakaa kungoja pongezi.

Wa kwanza alikuwa Tantine Euphrasie, kwa ujumbe wa sauti, kisanduku akikiita cadre:

"Cadre yetu iko rangi ya majani juu ya nini? Juu siye tunalima? Ba Bel-Air bapate dhahabu, siye majani?"

Nikawapa wote dhahabu. Saa moja haijapita, akarudi. Kisanduku cha Bel-Air kilikuwa na kivuli, na kivuli chenyewe kiliangukia kulia, juu ya Kasungami.

"Tufanye jubilé mu kivuli ya bengine? Apana!"

Nikakigeuza kivuli kiangukie kushoto. Kushoto walikuwa Kambove.

Kambove walichukua siku nzima. Kisha ikaja picha: rasimu yangu imechapishwa, imelazwa juu ya meza, na juu yake rula. Baba Mukubwa alikuwa amepima.

"Bel-Air, centimètre sita. Kasungami, tano. Miye, ine na nusu. Nani alizaliwa wa kwanza mu hii famille?"

Hapa nisimame kidogo, mjue kwa nini hakuna aliyecheka.

Baba Mukubwa alikuwa hajakanyaga nyumbani kwa baba kwa miaka tisa. Kwenye harusi ya mdogo wetu, mtu mmoja wa Bel-Air (simtaji, ila ndiye mwenyekiti wa kamati) alisema kwa sauti kwamba watu wa Kambove wamekuja mikono mitupu na wanarudi na sachet za kuku. Sachet ni mifuko ya plastiki. Baba Mukubwa alisikia. Akavaa kofia yake, akaondoka na watu wake wote, pamoja na kuku.

Na Baba Mukubwa ndiye aliyesimamia ndoa ya wazazi wangu. Kati ya wote waliosimama nao altareni siku ile, amebaki yeye peke yake. Kuhusu jubilei nzima, mama alikuwa amesema neno moja:

"Kama Anaclet hayuko, miye siingie mu kanisa."

Mama yangu habembelezwi. Padri alijaribu, akapewa chai. Mwishowe baba akampigia kaka yake simu, wakazungumza nusu saa kuhusu mvua, na Baba Mukubwa akakubali kuja, kwa sharti moja: watu wake waandikwe sawasawa na wengine.

Sawasawa. Ndiyo maana ya rula.

Ikabidi kuitisha mkutano. Jumapili baada ya misa tulikusanyika Bel-Air, laptop katikati ya meza kati ya bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo, na Baba Mukubwa akiwa kwenye simu iliyoegemezwa chupa ya pilipili. Tulijadili visanduku vitatu kwa saa tatu. Kasungami waliomba maua, Bel-Air wakasema maua ni ya msiba, Kambove wakauliza maua yenyewe yana milimita ngapi. Baba yangu, mwenye jubilei, aliuliza kama anaweza kula.

Tukaafikiana: visanduku vyote sentimita tano na nusu kwa nane, dhahabu, pembe za mviringo, hakuna kivuli kwa yeyote. Kambove wakae juu kabisa kwa sababu ya ukubwa wa kuzaliwa. Yaya Clémentine akaandika muhtasari, wote tukasaini. Baba Mukubwa alisaini kwa kukohoa.

Mimi nikakishika kisanduku cha Kambove, kilichokuwa chini kushoto mwa ukurasa, nikakiburuta mpaka juu. Kikakaa vizuri. Watu wakapiga makofi. Nilijiona injinia.

Jumatano nikaenda kuchapisha. Ile nafika tu dukani, Yaya Clémentine akapiga simu.

"Pale chini ya page ya famille uliandika nini?"

Niliandika: Wageni mnaombwa msibebe chakula kwenye sachet. Ilikuwa moja ya kanuni za kamati, nami niliipachika penye nafasi asubuhi ya mkutano, na mkutanoni hakuna aliyetazama kitu ila visanduku.

"Toa! Baba Mukubwa akisoma ile, atasema njo yeye. Toa sasa hivi!"

Kwa mara ya kwanza katika maisha yetu nilimwona yuko sahihi. Nikaichagua sentensi yote, nikabonyeza kufuta. Nilipotupia ukurasa jicho la mwisho, niliona umepata hewa. Nakumbuka nilifikiri: kumbe ulikuwa umejaa mno. Nikaagiza vijitabu mia mbili.

Alhamisi kifurushi cha vijitabu kikafika Kambove. Mchana ikaja picha ya pili.

Rula ileile. Safari hii imewekwa juu ya karatasi nyeupe, pale juu ya ukurasa ambapo Kambove walipaswa kuwa. Chini ya picha, maneno machache:

"Mulitutoa muzuri. Vipimo biko sawa."

Kundi likawaka moto. Mimi, mwenye shahada, nikaandika: ni virusi vya kompyuta.

Yaya Clémentine akajibu palepale. "Virus gani inajua bantu ba Kambove?"

"Na siye ba Kasungami haikutugusa," akasema Tantine Euphrasie, na mimi nilisikia kabisa kwamba anajivuna.

"Donc virus iko na famille," akamaliza Yaya.

Mama alikuwa na fundi wakati huo, anajaribishwa nguo ya jubilei. Aliposomewa ujumbe wa Kambove aliivua, akaikunja, akaiweka juu ya kabati. Kufikia misa ya Jumamosi ilibaki siku moja na nusu.

Ijumaa asubuhi nilibeba laptop yangu kwa Mama Solange, mwenye ofisi ndogo ya kuchapa karibu na soko, mwanamke anayechapa barua za watu tangu enzi za mashine za utepe. Nikafungua rasimu ya Jumapili, iliyokuwa bado na kila kitu. Akabonyeza juu ya kisanduku cha Kambove, akanionyesha kitu ambacho sijawahi kukiona: nanga ndogo, pembeni, chini kabisa ya ukurasa.

"Mama, cadre uliipandisha juu, lakini ancre yake uliifunga na kufuli bila kujua, ilibakia kule chini, ku ile sentensi. Sentensi ikienda, cadre nayo inaenda. Angalia."

Akafuta sentensi. Kambove wakatoweka. Akairudisha, wakarudi. Alifanya hivyo mara tatu, kama mtu anayewasha na kuzima taa, na kila mara watu kumi na saba wa damu yangu waliondoka na kurudi.

"Nani alikufundisha Word?" akaniuliza kwa huruma.

Nikakaa kwenye benchi. Sasa nilikuwa na ukweli, na ukweli ulikuwa mbaya kuliko uongo. Nimpigie mzee aliyesusa miaka tisa kwa sababu ya sachet, nimwambie kwamba ukoo wake mzima, pamoja na marehemu mke wake, ulikuwa umefungwa kwenye sentensi ya sachet? Na kwamba tumeufuta tulipokuwa tunajaribu kuwa wapole?

Virusi vilikuwa na heshima zaidi.

Somo nalileta hapa, kabla ya kumaliza, kwa sababu baada ya kile kinachofuata sina la kuongeza. Kabla hujafuta kitu kwa wema, angalia kwanza nini kimefungwa humo. Na usiandike kwenye wasifu wako kwamba unaimudu programu ambayo hujawahi kubonyeza nusu ya vitufe vyake. Wataalamu wa kompyuta, nichekeni polepole. Na aliyewahi kupoteza kisanduku, au mjomba, kwa namna hii, aandike hapo chini nijue siko peke yangu.

Nikiwa palepale kwenye benchi, simu ikalia. Baba Mukubwa.

"Ya virus nilisikia. Sasa uniambie ya kweli."

Nikamwambia yote. Sachet, nanga, kidole.

"Donc bantu bangu bote balikuwa ba kufungwa ku sachet."

"Ndiyo, Baba Mukubwa."

"Na mulifuta sachet juu nisikasirike."

"Ndiyo."

Akaanza kukohoa. Alikohoa muda mrefu, nikaogopa, mpaka nikatambua kwamba anacheka.

"Clémentine anajua?"

"Hapana."

"Asijue. Weye uendelee kubaambia ni virus, mpaka nitakuambia. Ile cadre iko mbele yako? Unisomee bantu bangu."

Mama Solange akanigeuzia skrini. Nikasoma jina la kwanza.

"Iko," akasema.

Nikasoma la pili. "Iko." Tukaenda hivyo, jina kwa jina. Kwa jina la marehemu mke wake akaniomba nilisome tena. "Iko." Nilipofika la kumi na saba akasema bado: mjukuu wake Odile alijifungua juzi.

"Mtoto anaitwa nani?"

"Hajapata jina. Andika 'mutoto'. Na upime kama anaingia."

Mama Solange akaandika. Aliingia. Printa ikaanza kutoa kurasa mpya mia mbili.

"Misa ni ku ngapi?" akauliza Baba Mukubwa.

"Ku dix heures," nikamjibu, yaani saa nne asubuhi.

"Nitafika ku neuf, saa moja mbele ya misa. Umuambie mama yako avae."