Nyumba Niliyoinunua Saa ya Chakula cha Mchana

Wapangaji wangu wa kwanza walihama baada ya wiki sita. Sababu waliyonipa? Nyumba inafagiwa na jini.

Nilicheka.

Wapangaji wa pili, mwalimu na mkewe, walipohama kwa sababu hiyo hiyo, sikucheka tena.

"Kaka, kila tukiamka uwanja umeshafagiwa," mwalimu aliniambia huku akifunga godoro kwa kamba. "Geti tunalifunga wenyewe. Sasa nani anaingia?"

Ngoja niwaeleze nilivyoipata nyumba hiyo, maana ujinga wangu ulianzia hapo.

Mimi ni fundi wa lifti. Kazi yangu haijui Jumapili. Mtu akikwama kati ya ghorofa ya nne na ya tano, simu inalia kwangu, hata kama niko msibani. Nilikuwa na mkopo mdogo wa chama cha akiba cha kazini, na hamu kubwa ya kuitwa mwenye nyumba. Wenzangu wawili walikuwa wanakula kodi, mimi nakula vumbi la shimo la lifti.

Siku moja dalali akanipigia. "Bosi, kuna nyumba ya vyumba vitatu, bei ya kutupa. Njoo leo, kesho huikuti."

Nikaenda saa ya chakula cha mchana, na ovaroli yangu mwilini. Nikagonga kuta, nikachungulia mbao za paa, nikafungulia maji. Dakika arobaini, kazi imekwisha.

Chumba cha nyuma kilikuwa na kitanda kilichotandikwa vizuri, ndala chini yake, na dawa za kifua dirishani.

"Nani analala humu?" nikamuuliza muuzaji. Alikuwa kijana wa rika langu, mpole, shati limenyooka.

"Mama. Amehamia kwa dada yangu."

Nyumba ilikuwa ya marehemu baba yao, kwa hiyo nikasema mama aweke dole gumba kwenye mkataba, nami niwepo nione. Siku hiyo ilipofika, lifti ya jengo moja la ofisi ikakwama na watu saba ndani. Sikwenda. Jioni kijana akaniletea karatasi ina dole la wino wa bluu. Nikalipa, nikajiona mjanja wa mjini.

Basi mwalimu alipohama, nikalala pale mwenyewe. Alfajiri nikasikia ufunguo kwenye geti. Halafu fagio.

Nilitoka na spana mkononi. Nikamkuta mama mmoja mzee, mwembamba, ameinama anafagia kana kwamba ana wageni.

"Shikamoo, mama," nikasema, maana jini gani anavaa sweta.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye fundi?"

Nikajitazama. Ovaroli. "Ndiyo, mama."

"Nilipotoka hospitali mwanangu aliniambia nyumba inatengenezwa. Kanipangishia chumba mtaa wa pili. Nakuja kufagia tu, uwanja usiote majani. Mtamaliza lini?"

Nikajua hapo hapo kwamba yule kijana aliuza nyumba mama yake akiwa wodini.

Nikimwambia ukweli, ataenda ofisi ya ardhi, nyumba itarudi kwake, na mkopo utabaki shingoni mwangu. Nyumbani nilikuwa na mtoto wa miezi miwili.

"Bado kidogo, mama," nikasema.

Hiyo bado kidogo niliisema kwa miezi kumi na moja.

Nikapata mpangaji wa tatu, muuguzi, akachukua vyumba viwili vya mbele. Nilimwambia muuguzi kwamba yule mama ni mfagiaji wangu. Ndiyo, nilisema hivyo. Chumba cha nyuma nikakifunga, nikaweka makopo ya rangi.

Nilikuwa napita pale kabla ya kazi. Mama ananimiminia chai kutoka kwenye chupa yake, ananitania. "Fundi gani wewe, mwaka unaisha hata tone la rangi hatulioni! Ungekuwa mpishi tungekufa njaa." Nguo za muuguzi zilikuwa kambani, mbele ya macho yake. Hakuuliza ni za nani. Mimi nikashukuru Mungu, mjinga mimi.

Nilimpenda yule mama. Wangu alifariki nikiwa darasa la pili.

Asubuhi moja alikohoa sana, akasema, "Fundi, nikizidiwa nataka nife kwenye chumba changu cha nyuma. Kitakuwa tayari?"

"Kitakuwa tayari, mama."

Alifia kwenye chumba cha kupanga, wiki tatu baadaye.

Mazishini jirani yake, mama muuza mkaa, alinivuta pembeni.

"Wewe ndiye uliyenunua."

Nikageuka kuangalia kama kuna aliyesikia.

"Alijua," akasema. "Tangu wiki aliyotoka hospitali. Tulimpeleka ofisi ya ardhi sisi wenyewe. Karani akamwonyesha karatasi, akamuuliza, mama, dole hili ni lako? Akamwambia kabisa, kama si lako, mwanao anafungwa. Mama akasema, ni langu."

"Lakini siku ile alikuwa wodini!"

"Si tunajua sote? Tulimgombeza njia nzima. Akatujibu neno moja tu: mtoto akinyea mkono, mkono haukatwi."

"Sasa mbona aliniita fundi?"

"Angekuitaje? Angekuita mwenye nyumba, ungemkataza kuja. Halafu alisema na wewe una mtoto, umetapeliwa tu."

Yule kijana, mwanawe, alikuwa mbele kabisa, analia kuliko wote. Nilitaka nikamkunje shati. Sikwenda. Yeye alimdanganya mama mara moja. Mimi nilimdanganya mara mbili kwa wiki, nikinywa chai yake.

Ndugu yangu unayetaka kuanza na mtaji mdogo na muda wa kuibia, anza, sikukatazi. Ila kuta zinaweza kusubiri. Watu ndio wa kukagua kwanza. Mtu anayetakiwa kuridhia, nenda ukamwone uso kwa uso, hata kazini wakufukuze. Na ukishagundua umekosea, sema siku hiyo hiyo.

Mkopo niliumaliza mwaka jana. Watu wananipongeza.

Mama wa watu aliniachia nyumba nzima. Nami nilikuwa na chumba chake kisicho na mtu, ufunguo mfukoni, nikashindwa kumwambia, "Mama, ingia ulale."