Ua la Njia ya Minembwe

Mimi ni muoga, niseme mapema. Kazi yangu ni kukausha mimea. Tunaichuma pamoja na maua yake, tunailaza katikati ya magazeti, tunaibana kwa mbao na kamba, kisha tunaiweka juu ya mbabula ya makaa mpaka ikauke. Wataalamu wanaitambua na kuiandika, ili nchi ijue ina mimea gani.

Siku hiyo mimi na profesa wangu tulikuwa tunashuka kwa miguu kutoka njia ya Minembwe kurudi Fizi. Kwetu, anayechuma majani porini kimyakimya na kuyafunga anaonekana mchawi, ndiyo maana kila kijiji tulianzia kwa chifu. Lakini tuliuona mmea mdogo kando ya njia, wenye ua jeupe moja tu, ambao profesa hakuwahi kuuona maishani. Furaha ikatulevya. Tukauchuma bila kumuuliza mtu. Upumbavu mtupu!

Mbele kidogo, kwenye kizuizi, vijana wenye bunduki wakafungua magazeti yetu. Mkubwa wao alinitazama mimi, si profesa.

"Mama, hii majani iko ya kuloga nani?"

"Hapana, shefu. Iko ya masomo."

"Bantu banasomaka bitabu, hapana majani. Kama haiko sumu, kula."

Akauchagua ule mmea mdogo. Profesa akaanza kueleza, akasukumwa kwa kitako cha bunduki. Tumefundishwa tusionje kamwe mmea tusioujua, na huo hakuna aliyeujua. Nikamfikiria mwanangu niliyemwacha nyumbani Baraka. Nikaanza na ua kwa sababu lilikuwa laini, kisha majani. Ulikuwa mchungu. Nikameza wote.

Wakacheka, wakatuachia. Njia nzima nilisikiliza tumbo langu. Kila liliponguruma nilidhani ndiyo mwisho. Nilifika Baraka mzima, nikalia mpaka mama mkwe akadhani nimefiwa.

Kesho yake profesa akaniambia kwa upole kwamba bila ua hakuna mtaalamu atakayeweza kuupa mmea ule jina. Ilibidi turudi kutafuta mwingine.

"Prof, mi siwezi rudi kule," nikamjibu.

Profesa naye mpaka leo hajaenda.